Ngazi za Ukumbi wa Chapchap

Mke wangu haingii ndani ya jengo kama watu wengine. Mimi nikifika mahali natafuta kiti. Yeye anatafuta mlango wa pili. Wenyeji wakimwambia karibu ukae, anajibu asante, nakaa sasa hivi, na huku macho yameshapanda darini, yameshuka na nyaya za umeme, yamekwenda dirishani kuona kama zile nondo zinafunguka kwa ndani. Siku moja tulikwenda kuwapa pole wafiwa. Nilimpoteza kidogo tu, nikamkuta barazani anagonga nguzo kwa kifundo cha kidole, sikio ameliegemeza.

"Leo tumekuja kulia," nilimnong'oneza.

"Nalia," akasema. "Lakini nguzo hii ina uwazi ndani."

Baadaye wenye nyumba walimwita fundi, akabandua plasta, akakuta mfuko mtupu wa saruji umekunjwa na kushindiliwa mle ndani kujaza nafasi. Nguzo ile ndiyo iliyobeba paa la baraza, na chini yake waliketi waombolezaji wote. Tangu siku hiyo sijamnong'oneza tena.

Yeye ni mkaguzi wa majengo wa halmashauri, mimi ni fundi cherehani. Nyumbani namwita Mkaguzi, naye ananiita Fundi. Mgeni akitusikia anaweza kudhani tunasumbuana kuhusu kazi ambayo haijakamilika. Nilipomwambia nataka kumuoa, alikuja kwanza kuona ninapofanyia kazi. Kiduka chenyewe kilikuwa na mlango mmoja, na pasi ya mkaa naiweka palepale mlangoni ili moshi utoke. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa kuhusu tabia yangu. Yeye akauliza, "Moto ukishika hapo mlangoni, wewe unatokea wapi?" Nikaihamisha pasi, nikatoboa dirisha la kupitisha mtu upande wa nyuma, na ndipo nilipojibiwa. Rafiki zangu wananitania kwamba mimi sikuoa, nilipewa kibali. Nawaambia ndiyo, na mpaka leo hakijaisha muda wake.

Watu wakishaijua kazi yake, hakosi mmoja wa kumwambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, kana kwamba maneno hayo yamemjia yeye wa kwanza duniani. Mke wangu humwuliza, "Ufa gani?" Anauliza kwa dhati kabisa. Kuna ufa wa plasta tu, huo unaweza kuupaka rangi ukazeeka nao. Na kuna ufa mwembamba kama unywele unaokwambia msingi umeanza kusafiri, na huo ukiuziba umemfunika mgonjwa shuka ukasema amepona. Nimewahi kumwona akisimama mbele ya ukuta wa watu, mkono kiunoni, muda mrefu kuliko ninavyosimama mimi mbele ya bwana harusi mwenye bega moja chini.

Nayasema haya ili ujue ni mtu wa namna gani aliyepanda ngazi za ukumbi wa shemeji yangu Jumanne ile.

Shemeji huyo ni mdogo wake wa kiume, na mji mzima unamwita Chapchap. Anaongea chapchap, anatembea chapchap, akikwambia "nakuja" geuka umwone, ameshafika. Ni mtu mwema, mkono wake haujui kufumba. Baba yao alipofariki aliacha kiwanja kikavu kando ya barabara, na Chapchap akaapa kwamba pale patasimama kitu ambacho mama yao atakionea fahari kabla macho yake hayajafifia kabisa. Alijinyima miaka. Jengo likainuka: chini maduka, juu ukumbi wa sherehe. Sherehe ya kwanza ingekuwa harusi ya mdogo wao wa mwisho, binti tunayemwita Kitinda, Jumapili ya wiki ileile. Na ukumbi hupata jina siku ya kwanza. Wageni wakiondoka wanausifu, mwenyewe ana kazi. Wakiondoka wananong'ona, amekwisha. Chapchap alilijua hilo, hata usingizi ulikuwa umemkimbia.

Mimi nami nilikuwa na sehemu yangu, maana gauni la Kitinda lilikuwa kwenye meza yangu.

Mke wangu hakuwa ameligusa jengo lile. Kazini kwao mtu haruhusiwi kukagua jengo la ndugu yake, na hata angeruhusiwa asingekubali. Alimwendea mkuu wake mwenyewe, akasema huyu ni mdogo wangu, mpe mtu mwingine. Akapewa mwenzake ambaye ofisi nzima inamwita Bwana Sawa, kwa kuwa hilo ndilo neno linaloanza na kumaliza kila sentensi yake. Jina lisikudanganye. Bwana Sawa ni mkaguzi makini. Alikuja ngazi zikiwa zege tupu, akapima kidato kwa kidato, akakuta vyote vina kimo kimoja, akasema sawa. Kibali cha matumizi kikatoka, Chapchap akakitia kwenye fremu ya kioo.

Jumanne alituita familia tukaone ukumbi ukiwa umekamilika. Tulikuwa mama mkwe, mjomba wao, Kitinda, mke wangu na mimi. Vigae vilikuwa vimeshapigwa kila mahali, vinang'aa unaweza kujitazama ukachana nywele. Chapchap alisimama juu kabisa ya ngazi amefungua mikono.

Mjomba alipanda wa kwanza. Alipofika juu akajikwaa, akamdaka Chapchap kiunoni. Akafuata Kitinda, akajikwaa palepale, akacheka. Mimi nilikuwa nimemshika mama mkwe mkono mmoja, fundi wa vigae, aliyekuwa bado anafuta vumbi la kazi yake, amemshika mwingine. Yeye tulimvusha juujuu bila mwenyewe kujua, lakini kidole changu cha mguu kiligonga ukingo nikauma meno.

"Mnaona ukumbi wangu ulivyo na adabu?" Chapchap alisema. "Kila anayeingia lazima ainame kwanza!"

Tulicheka sana. Mimi nilicheka mpaka nilipogeuka nikamwona mke wangu. Alikuwa hajafika. Alisimama katikati ya ngazi, anatutazama miguu.

Akashuka mpaka chini. Akavua viatu, akaweka mkono kwenye reli, akafumba macho, akaanza kupanda. Chapchap alinitazama mimi, nami nikatazama dari, maana nilijua anachofanya. Ngazi anaikagua hivyo kila mara. Anasema macho yana huruma, yanakuonya mapema na kulisamehe kosa la fundi. Lakini siku ya moshi, au siku umeme umekatika na watu mia wanatafuta mlango, macho hayapo, inabaki miguu. Na miguu ikishapanda vidato viwili vitatu inakariri kimo, haiulizi tena.

Alipofika kidato cha juu, alijikwaa. Mkono ulikuwa umeshaibana reli.

Mkoba wa mke wangu una poda, leso na futi ya chuma. Aliitoa futi akapima kidato kimoja kimoja kutoka chini, na sisi juu tumesimama kama watoto wanaosubiri majibu ya mtihani. Vyote vilikuwa kimo kimoja, isipokuwa cha mwisho. Hicho kilizidi vidole vitatu.

"Hii sakafu ya juu mliisawazisha lini?" aliuliza.

"Baada ya kukaguliwa," Chapchap akajibu. "Ilikuwa na mabonde, dada. Fundi akamwaga saruji mpaka ikalala vizuri, halafu ndiyo vigae. Si inapendeza?"

"Inapendeza sana. Na kwenye ngazi mliweka nini?"

"Vigae tu. Ngazi haikuwa na mabonde."

"Basi sakafu imepanda, ngazi imebaki." Alikunja futi. "Mdogo wangu, watu wakipanda watajikwaa na watacheka, kama mlivyocheka. Shida iko kwenye kushuka. Mguu wa kwanza utatafuta kidato pale ulipokizoea, hautakikuta. Na mbele ya huyo mtu iko ngazi nzima."

Chapchap alikuwa bado anatabasamu, lakini lile tabasamu lilibaki usoni kama nguo iliyosahauliwa kambani. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ukumbi haufunguliwi mpaka irekebishwe."

"Dada, kibali ninacho. Kile pale ukutani."

"Kile ni cha ngazi aliyoiona Bwana Sawa. Ngazi ile haipo tena."

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mjomba akasema mambo ya ndugu ni ya kufunika kombe, harusi ipite, Jumatatu mafundi waje. Kitinda akaanza kulia. Chapchap akasema amepanda na kushuka ngazi hizo mwezi mzima na hajawahi hata kuteleza.

"Wewe miguu yako imeshazizoea," mke wangu akamwambia. "Mgeni wa Jumapili atashuka mara moja tu."

"Unanitilia mchanga kwenye kitumbua changu, dada. Mbele ya Mama."

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono juu ya fimbo, uso ameuelekeza kwenye sauti. Akasema taratibu, "Mwanangu, mara hii moja. Kwa ajili ya ndugu zako."

Mke wangu akasogea karibu na kiti chake. "Mama, kesho asubuhi nitaieleza ofisi. Nimewaambia ninyi kwanza kwa sababu ninyi ni ndugu zangu."

"Utamfungia mdogo wako jengo la baba yenu?"

Tulishuka, mke wangu mbele, na alipofika kidato kile aligeuka akampa mama yake mkono. Mama aliukwepa, akaushika wa Kitinda. Mke wangu hakuuondoa wake. Aliuacha palepale hewani mpaka mama yake alipokuwa ameshapita salama.

Nyumbani alikaa na sahani mbele yake hakula. Mimi, kwa kutaka amani, nikasema si wangeweka tu kibao, "Angalia kidato."

"Kibao anakisoma mwenye nafasi," akasema. "Mwenye mtoto begani na sahani mkononi hasomi. Mwenye miaka ya Mama hasomi. Mimi sikagui kwa ajili ya wanaosoma vibao, Fundi."

Nimeishi na mwanamke huyu miaka na bado kuna siku ananifanya nijione nimepewa kitu kikubwa kuliko mikono yangu. Nilimpenda usiku ule kuliko siku ya ndoa, na nilimwonea huruma pia, kwa sababu nilijua asubuhi atakwenda.

Akaenda. Alimweleza mkuu wake, na kwa kuwa yeye hakuruhusiwa kushika kesi ya nduguye, akatumwa tena Bwana Sawa. Huyu mzee alipima kidato cha juu, akapima tena, akasimama, akafuta miwani. Kwa mara ya kwanza katika historia ya halmashauri ile akasema, "Si sawa." Akafunga ukumbi mpaka marekebisho.

Watu wa mjini walilisema jambo hilo, na familia ikalisema zaidi. Miaka yote walijivuna naye. Alipozuia jumba la tajiri mmoja aliyetaka kuongeza ghorofa juu ya msingi wa duka, walimsimulia kila mahali, binti yetu haogopi mtu. Leo zamu imefika kwao. Mkuki kwa nguruwe mtamu, wahenga walisema, na kwa binadamu mchungu. Chapchap hakupokea simu yake. Mama mkwe naye hakupokea, na hilo lilimuuma zaidi, maana mama yule hupokea hata simu za watu waliokosea namba, tena anawauliza habari za nyumbani.

Yule fundi wa vigae naye alisema dawa ni kuvunja sakafu yote ya juu, na kazi hiyo kabla ya Jumapili haiwezekani. Kwa hiyo Chapchap akakaa kwenye ngazi zake ameshika tama, akitazama viti vya ukumbi vilivyopangwa juu bila mtu.

Alhamisi asubuhi Kitinda alikuja dukani kwangu kupima gauni kwa mara ya mwisho. Alikuja na uso mzito, shemeji hujambo, sijambo, basi. Nikamvalisha. Gauni lilikuwa refu, limeanguka vizuri mpaka sakafuni na kuenea mbele na nyuma, na nasema mwenyewe, kwa kuwa hakuna atakayenisemea, lilikuwa kazi yangu bora.

Duka langu lina kizingiti kidogo mlangoni. Kitinda alitaka kujiona kwenye mwanga, akakusanya gauni, akatembea kuelekea nje. Alipokaribia mlango akasimama. Akainama kutazama chini, lakini akaona gauni tu. Akanyoosha mguu mmoja, akapapasa mbele na kisigino kama mtu anayeingia majini, akaurudisha.

"Shemeji," akasema, "sioni miguu yangu."

"Bibi harusi haoni miguu," nikamjibu huku nimejaza pini mdomoni. "Gauni zote ndefu ziko hivyo. Utatembea kwa kuzoea."

"Nitazoea nini?"

Nikazitoa pini. Nilitaka kusema utazoea sakafu. Yeye alikuwa ananitazama, na rangi ilikuwa inamtoka taratibu. Jumapili angetoka ukumbini na mumewe, watu wote nyuma yao wanashangilia, mkono mmoja umeshika maua na mwingine umeshika mume. Na kitu cha kwanza mbele ya mguu wake asiouona kingekuwa kidato kile.

"Alikuwa ananisemea mimi," Kitinda akasema. "Na mimi nimemlilia mbele ya Mama."

Alitaka kwenda vilevile na gauni mwilini. Nilimzuia mlangoni, nikamwambia mdogo wangu, machozi yanafutika lakini vumbi la barabara ile halitoki kwenye kitambaa hiki. Akavua, tukafunga duka, tukaenda pamoja. Chapchap alikuwa palepale ngazini. Kitinda hakumsalimu. Alimwambia, "Kaka, simama. Tazama mbele, usitazame chini. Mimi nakushika mkono, wewe shuka kama mimi nitakavyoshuka Jumapili."

"Mimi nazijua ngazi zangu."

"Basi shuka kinyumenyume, ujifanye huzijui."

Chapchap alitazama kile kidato muda mrefu, akamtazama dada yake mdogo, na nafikiri alimwona anaanguka. Sijui aliona nini hasa. Ninachojua ni kwamba mtu yule wa chapchap alikawia kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Kisha akaingia dukani chini, akatoka na nyundo na patasi, akapiga magoti kwenye kidato cha kwanza, akaanza kubandua vigae vyake vipya vinavyong'aa.

Mimi ndiye niliyepiga simu ofisini kwa mke wangu. Aliomba ruhusa, akaja amevaa suruali yake ya kazi ya zamani na kilemba. Chapchap alipomwona hakuinua kichwa.

"Dada," akasema, "tunafanyaje?"

"Kama mkaguzi sina la kukwambia, jengo si langu kukagua," akasema. "Kama dada yako, nipe hiyo ndoo."

Kwa fundi wa vigae, aliyekwisha kuitwa, alisema hakuna haja ya kuvunja sakafu. Vidole vitatu vilivyozidi juu vitagawiwa ngazi nzima: kidato cha kwanza kinyanyuliwe unene wa sarafu mbili, cha pili kinyanyuliwe mara mbili ya hapo, cha tatu mara tatu, hivyohivyo mpaka juu, na kosa lote litakuwa limemezwa. Fundi alikuna kichwa. Mimi nilielewa kabla hajamaliza, kwa sababu mkono wa gauni ukizidi tundu la bega, huukati. Unaugawa kidogo kidogo mshono mzima mpaka mwenyewe usione ulikopotelea. Nilimweleza fundi hivyo. Akasema kumbe, na akaanza kuchora alama ukutani kwa penseli.

Walifanya kazi siku ile na siku iliyofuata, kaka na dada, wamepiga magoti kidato kimoja, pimamaji katikati yao. Hawakuzungumza mambo makubwa. Nilisikia "leta maji," nikasikia "shikilia hapo," na mara moja nikasikia Chapchap akisema, "Baba angetucheka," na mke wangu akajibu, "Angetucheka sana." Kitinda aliwaletea chai, wakamfukuza asikanyage. Fundi alitaka kuweka kigae cha mwisho haraka haraka ili aondoke, na Chapchap, Chapchap mwenyewe, akamshika mkono akamwambia, "Polepole, bwana. Pima tena."

Jumapili asubuhi vilikuwa vimekauka, na Bwana Sawa akaja. Alipima vyote. Halafu, sijui alijifunza wapi tabia hiyo, akatazama huku na huku, akafumba macho, akapanda. Alifika juu bila kujua amefika, akainua mguu mwingine akautafutia kidato ambacho hakipo, akakanyaga sakafu kwa kishindo. Akafumbua macho, akaona tunamtazama.

"Sawa," akasema, akarekebisha tai.

Sitasimulia harusi, harusi nzuri zinafanana. Watu walijaa, walikula, walicheza, mjomba alitoa hotuba ndefu kuhusu umoja wa familia kana kwamba habari za kombe hakuwahi kuzisema. Jioni, jua bado lipo, Kitinda na mumewe walitoka. Watu walibanana juu na chini ya ngazi kumtazama uso, jinsi anavyocheka. Mke wangu alisimama chini kabisa, pembeni ya reli, na katika umati ule wote yeye peke yake alikuwa anatazama pindo la gauni. Nilimwona midomo inacheza, anahesabu. Kitinda aliachia sakafu, akashuka cha kwanza, cha pili, cha tatu, anaongea na mumewe, hakupapasa hata mara moja. Alipofika chini alimpita mumewe, akawapita mashoga zake, akamkumbatia dada yake kwa nguvu mpaka maua yakavunjika. Gauni langu likapata kunjo la kwanza hapo, na nikalisamehe.

Wageni wakaanza kushuka. Wazee, watoto wanaokimbizana, wanawake wamebeba viti, kijana aliyebeba spika kifuani haoni mbele. Hakuna aliyejikwaa. Hakuna aliyezitazama zile ngazi. Mtu mmoja alimpongeza Chapchap kwa taa, mwingine kwa feni, mwingine kwa rangi ya mapazia.

Mwisho akatoka mama mkwe. Tulikwenda kumshika, akatupungia fimbo tuondoke. Alikuwa anapiga soga na jirani yake, na alishuka hivyohivyo, fimbo kwapani, mkono mmoja kwenye reli, mdomo unaendelea, hadithi haijakatika. Alipofika chini alisimama. Akageuza uso upande aliposikia mke wangu anapumua, kwa maana tangu Jumanne hawakuwa wameongea.

"Wewe," akasema. "Mmebandua, mmepigilia, siku mbili nzima, mpaka mtoto wangu mikono imechubuka. Mimi nimepanda, nimeshuka. Mbona sikusikia kitu chochote miguuni? Hebu niambie, mlichotengeneza ni nini?"

"Hakuna kitu, Mama," mke wangu akasema.

"Hakuna kitu, Mama," Chapchap akarudia kutoka juu ya ngazi, na sauti yake haikuwa imara.

Mama mkwe alifikiri. Kisha akanyoosha mkono, safari hii yeye wa kwanza, akamtafuta binti yake hewani mpaka akaupata mkono wake. "Haya," akasema. "Nipeleke nyumbani, Mkaguzi."

Mke wangu alicheka, halafu kile kicheko kikageuka machozi akashindwa kuyazuia. Nilikuwa na kipande kilichobaki cha kitambaa cha gauni mfukoni. Nikampa, akafuta uso, akamshika mama yake kiwiko, wakaondoka taratibu, na kabla hawajafika barabarani nilimwona anageuza shingo kuitazama nguzo ya duka la jirani.